Betri Ilipotuzimikia Ziwani

Mimi ni bwana shamba. Nina umri wa miaka 46. Kazi yangu ni kuwatembelea wakulima na kuzungumza nao juu ya mbegu, mbolea na magonjwa ya mimea. Mwezi huu sitaandika habari za shamba. Nataka kukusimulia habari ya betri.

Usicheke. Betri moja tu ilikaribia kutuua watu 19, usiku, katika Ziwa Victoria. Na mimi nilikuwa na kosa langu katika jambo hilo. Kosa hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu.

SAFARI YENYEWE

Ilikuwa mwezi wa Novemba, mwaka 2019. Nilikuwa Nansio, katika Kisiwa cha Ukerewe. Nilitaka kwenda kisiwa kingine kidogo. Jina la kisiwa hicho sitalitaja, wala jina la boti. Sitaki kumwaibisha mtu.

Nilikuwa na mafungu 12 ya miti ya mihogo. Ilikuwa mbegu nzuri, inayostahimili ugonjwa wa batobato na ule wa michirizi ya kahawia. Wewe mkulima unajua kwamba miti ya mihogo haingoji. Ikikaa sana hukauka, na ikikauka haichipui. Miti yangu ilikuwa na siku 5 tangu ikatwe. Wanakijiji walikuwa wananisubiri asubuhi. Kwa hiyo nilikuwa na haraka.

Boti ilikuwa ya mbao. Ilikuwa na injini ya dizeli, iliyotolewa katika gari dogo la mizigo. Tulitakiwa kuondoka saa 8 mchana, lakini tuliondoka saa 11 jioni. Kwa nini? Injini ilikataa kuwaka.

Kijana wa mashine alijaribu mara ya kwanza. Injini ikalia kidogo, ikanyamaza. Akajaribu mara ya pili. Ikanyamaza tena. Akachukua spana, akagonga kichwa cha betri mara tatu. Akajaribu tena. Injini ikawaka, moshi mweusi ukatoka. Abiria wakapiga makofi. Mmoja akasema, "Twende, twende, giza linaingia!"

Mimi nilikuwa nimeketi karibu na injini. Niliona mambo manne kwa macho yangu:

Kwanza, vichwa vya betri vilikuwa vimeota unga mweupe na wa kijani. Kishikio kimoja cha waya kilikuwa kimelegea. Kijana alikuwa amekikaza kwa kijiti.

Pili, betri haikufungwa. Ilikuwa imewekwa tu chini, penye maji maji.

Tatu, mahali pa fyuzi hapakuwa na fyuzi. Palikuwa na karatasi ya fedha, ile ya ndani ya pakiti ya sigara.

Nne, mkanda unaozungusha jenereta ulikuwa umelegea. Ulikuwa unapiga kelele kama kifaranga.

Ndugu msomaji, mimi nilisoma cheti cha kilimo Ukiriguru. Huko tulifundishwa kutunza trekta. Betri ya trekta na betri ya boti ni ndugu. Nilijua kabisa kwamba mambo yale manne ni mabaya.

Lakini nilinyamaza. Niliwaza hivi: "Mimi ni bwana shamba, si fundi wa boti. Nahodha ni mtu mzima. Nikisema, tutachelewa, na mihogo yangu itakauka." Basi nikafunga mdomo wangu, tukaondoka.

SAA 2 USIKU

Jua lilizama. Kijana akawasha taa. Redio ilikuwa inapiga muziki. Abiria wanne walikuwa wamechomeka simu zao ili zipate chaji. Watu walikuwa na furaha.

Ilipofika saa 2 usiku niliona taa zinabadilika. Mwanzo zilikuwa nyeupe. Sasa zilikuwa za njano, kama taa ya kandili. Hakuna aliyejali. Mimi nilijali, lakini bado nilinyamaza.

Halafu tukasikia harufu ya mpira unaoungua. Mama mmoja akapiga kelele, "Moshi! Moshi!" Moshi ulikuwa unatoka chini ya ubao, karibu na injini. Hatua mbili kutoka hapo palikuwa na dumu la lita 20 za dizeli.

Watu walisimama wote. Wakakimbilia upande mmoja. Boti ikalala. Nahodha alinguruma, "Kaeni chini! Kaeni chini mlipo! Mtatuzamisha!" Watu wakaketi. Boti ikainuka. Nahodha akakata mafuta, injini ikazima. Kijana alishika kishikio cha betri kwa kitambaa, akakivuta kwa nguvu kikatoka. Taa zote zikazimika. Moshi nao ukapungua, kisha ukaisha.

Tulimulika kwa tochi. Waya wa taa ulikuwa umepita juu ya chuma cha injini. Injini inatikisika. Kila siku waya ulikuwa unasuguliwa kidogo kidogo. Ngozi yake ilikwisha, shaba ikagusa chuma. Umeme ukapita hapo kwa wingi, waya ukawa mwekundu.

Hapo ndipo fyuzi ilipotakiwa. Fyuzi ni kipande kidogo, kimetengenezwa kiwe dhaifu makusudi. Umeme ukizidi, fyuzi hukatika kwanza, na waya hupona. Lakini karatasi ya sigara haikupimwa na mtu yeyote. Haikukatika. Ulioungua ni waya.

INJINI YAKATAA

Tulikata waya ule mbovu, tukautoa wote. Kijana akarudisha kishikio cha betri. Akajaribu kuwasha injini. Tukasikia sauti moja tu: "Tk." Akajaribu tena. "Tk." Basi.

Hapo nikuelezee kwa mfano wa mkulima. Betri ni kama ghala. Jenereta ndiyo inayoleta mavuno ghalani. Taa, redio na simu ni watoto wanaokula kila siku. Stata ya injini ni sherehe ya harusi: inakula kingi kwa mara moja. Sasa fikiri. Mkanda ulikuwa umelegea, kwa hiyo jenereta haikuleta kitu. Watoto walikula kuanzia jioni. Tulipotaka kufanya harusi, ghala lilikuwa tupu.

Upepo wa usiku ulikuwa unatoka nchi kavu kuelekea ziwani. Ulitusukuma mbali na visiwa. Kijana alitupa nanga, lakini kamba haikufika chini. Simu hazikupata mtandao. Kafi zilikuwa mbili tu, na boti ilikuwa nzito. Watoto walianza kulia. Maji yalikuwa yanaingia kidogo kidogo, tukawa tunayakumba kwa kopo.

Kisha tukaona taa mbili mbali, nyekundu na ya kijani, pamoja. Abiria wakafurahi, wakasema tumepata msaada. Lakini nahodha hakufurahi. Alisema kwa sauti ya chini, "Bwana shamba, ukiziona zote mbili pamoja, chombo kinakujia uso kwa uso. Na yeye hatuoni."

Mimi sikulijua jambo hilo. Nalijua sasa, na wewe lijue. Chombo cha injini usiku huwa na taa nyekundu upande wa kushoto, na ya kijani upande wa kulia. Nyuma huwa na taa nyeupe. Hiyo ni kanuni ya dunia nzima, ya mwaka 1972. Ukiona moja tu, unauona ubavu wake. Ukiziona zote mbili, unatazamana na uso wake. Sisi hatukuwa na taa hata moja. Tulikuwa kama gogo jeusi katika maji meusi.

Mama mmoja alitoa shuka jeupe. Vijana wawili walisimamisha makafi, wakalitandaza shuka hilo katikati. Mimi nikalimulika kwa tochi yangu. Shuka likang'aa. Tulikaa hivyo, nadhani, dakika 10. Sijapata kukaa dakika 10 ndefu kama zile. Chombo kilikuja tu, tukaanza kusikia injini yake. Halafu taa ya kijani ikapotea. Tukabaki tunaiona nyekundu peke yake. Nahodha akashusha pumzi. Akasema, "Ametuona. Anageuka." Chombo kile kikubwa kikapita mbali kidogo. Mawimbi yake yakatutikisa. Tulipiga kelele, lakini hakikusimama.

SWALI LA BIBI

Baada ya hapo watu walikaa kimya. Mimi nikaanza kuzungumza. Nikamwambia kijana wa mashine, "Tazama, vichwa hivi ni vichafu, umeme haupiti vizuri. Na mkanda huu umelegea tangu bandarini."

Bibi mmoja alikuwa ameketi karibu nami, amempakata mjukuu wake. Akanigeukia. Akauliza, "Mwanangu, umesema tangu bandarini?"

Nikajibu, "Ndiyo, bibi."

"Uliyaona haya kabla hatujaondoka?"

Ndugu msomaji, nilitaka kusema uongo. Giza lilikuwa nene, hakuna ambaye angeuona uso wangu. Lakini nilimjibu, "Niliyaona, bibi."

Hakunitukana. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi tengeneza." Aliendelea kumfunika mjukuu wake kwa kanga.

TULIVYOFANYA

Nilimwomba nahodha ruhusa, kwa sababu boti ina mkubwa wake. Akasema, "Fanya."

Abiria mmoja alitaka kuwasha kiberiti ili atumulikie betri. Nikamzuia haraka. Betri hutoa hewa ambayo hulipuka ikikutana na moto. Karibu na betri tumia tochi tu.

Tulifungua vishikio. Tulitoa kwanza ule waya wa alama ya kutoa, halafu ule wa alama ya kujumlisha. Tulikwangua vichwa na vishikio kwa kisu, mpaka vikang'aa. Tulitupa kile kijiti. Kisha tulilegeza bolti ya jenereta, tukaisukuma jenereta kwa kipande cha ubao, mkanda ukakaza, tukafunga bolti. Sasa ukiubonyeza mkanda kwa kidole gumba, unabonyea kidogo tu.

Lakini ghala bado lilikuwa tupu. Kijana akajaribu. "Tk."

Ndipo yule mama mwenye shuka aliposema polepole, "Mimi nina betri." Alikuwa nayo ndani ya gunia. Ilikuwa mpya, ya volti 12, na imejaa. Alikuwa ameinunua Nansio kwa ajili ya umeme wa jua nyumbani kwake. Alikuwa ameuza dagaa miezi mingi ili aipate. Watoto wake walikuwa wanasomea koroboi.

Aliniuliza, "Ikiharibika, bwana shamba?"

Nikasema, "Ikiharibika, mama, nitailipa mimi." Nahodha akasema, "Tutalipa sote wawili."

Tulitazama betri zote mbili. Zote zilikuwa za volti 12. Tuliitoa ile ya zamani, tukaweka ya mama. Tulifunga kwanza waya wa kujumlisha, mwisho waya wa kutoa. Tuliifunga betri kwa kamba ili isicheze. Hatukuwasha redio. Simu zote zilichomolewa.

Kijana akajaribu. Injini iliwaka mara moja.

Hakuna aliyepiga makofi safari hii. Bibi alisema tu, "Haya, twendeni." Tulisafiri polepole, tochi yangu imefungwa juu ya mti kama taa. Tulifika saa 8 usiku. Mama alirudishiwa betri yake, nzima.

ASUBUHI YAKE

Asubuhi wanakijiji walikusanyika chini ya mti. Mwenyekiti akasema, "Kabla ya mihogo, bwana shamba atueleze habari ya jana." Nahodha alikuwepo. Nilieleza yote, pamoja na kunyamaza kwangu.

Nahodha akasimama. Alisema maneno ambayo sitayasahau: "Bwana shamba, ungeniambia pale bandarini mbele ya abiria, ningekasirika. Lakini ningekaza ule mkanda."

Mkutano ulikubaliana jambo moja. Boti haitapakia abiria wa kijiji hicho mpaka taa ziwashwe na zionekane, na mpaka betri ifungwe. Abiria yeyote akiona kasoro, aseme. Asionekane mkorofi.

Kuna watu husema ajali haina kinga. Ziko ajali hazina kinga, nakubali. Lakini ile yetu ilikuwa na kinga. Kinga yake ilikuwa spana, kisu, fyuzi moja na mdomo wangu.

YA KUKUMBUKA

Ukiwa na boti, au ukisafiri kwa boti, kumbuka mambo haya:

1. Vichwa vya betri viwe safi, vishikio vikazwe. Unga ule mweupe uoshe kwa maji ya moto yenye magadi kidogo. Usiache maji hayo yaingie ndani ya betri. Ukimaliza, paka grisi. Kazi hii ifanye mchana, nchi kavu, injini ikiwa imezimwa.

2. Betri ifungwe imara, mahali pakavu na penye hewa. Maji yake yakipungua, ongeza maji ya betri yanayouzwa dukani. Usitie maji ya ziwa. Maji yaliyo ndani ya betri huunguza ngozi na macho. Yakikurukia, nawa kwa maji mengi.

3. Weka fyuzi ya kweli, ya kipimo kilichoandikwa na fundi. Beba nyingine tatu za akiba. Fyuzi ikikatika mara kwa mara, tafuta waya ulioharibika. Usiweke karatasi ya sigara wala msumari.

4. Waya usipite juu ya chuma kinachotikisika. Ufunge vizuri. Mafuta yakae mbali na betri.

5. Taa zikififia na kuwa za njano wakati injini inanguruma, jua betri haipati chaji. Zima redio, toa simu, ubakize taa za chombo. Usizime injini mpaka ufike au mpaka ujue kosa. Injini nyingi za dizeli za zamani zikishawaka huendelea bila betri. Kuziwasha tena ndiko kugumu.

6. Lakini ukiona moshi, zima injini na toa waya wa betri mara moja. Moto wa mafuta usiumwagie maji. Weka ndoo ya mchanga mkavu, au kizimamoto, tayari wakati wote.

7. Beba tochi mbili na kitambaa cheupe. Beba makafi ya kutosha, na kamba ndefu ya nanga. Vaa jaketi la kuokolea tangu unapopanda, si wakati maji yanapoingia.

8. Injini ikizima, kaa chini mahali pako. Watu wakikimbilia upande mmoja, boti hupinduka.

Vyombo vidogo hukaguliwa na kupewa leseni na TASAC. Hilo ni jema. Lakini mkaguzi hasafiri nawe kila siku. Anayesafiri nawe ni jirani yako, na wewe mwenyewe una macho.

Mimi huwaambia wakulima kila siku, "Ukiona mmea mmoja mgonjwa shambani, ung'oe leo, usingoje kesho." Siku ile niliona ugonjwa, nikangoja. Mihogo ilichipua vizuri, na bibi bado anaishi. Kila nikifika kisiwani kwake hunipa uji, halafu huniuliza, "Mwanangu, boti uliyokuja nayo umeikagua?"

Sasa hujibu, "Nimeikagua, bibi." Na huwa ni kweli.

Nakutakia safari njema.